Mcheza Kwao Hutunzwa: Mwaka wa Drama Katika Shule za Isiolo

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Hata hivyo, waigizaji wa shule za upili za Isiolo hucheza kwao kwa nadra. Mwaka wao wa maigizo huandaliwa kwa ajili ya waamuzi, nayo jamii iliyowalea huambulia habari tu za nani alishinda na nani alishindwa.

Mwaka huo huanza Januari, shule zifunguliwapo. Mwalimu mlezi wa chama cha drama, ambaye aghalabu ndiye mwandishi, mwelekezi na mtafuta maleba, huteua waigizaji wake. Mazoezi hufanywa jioni bwaloni, meza zikiwa zimesukumwa ukutani. Baada ya majuma machache hufuata mashindano ya kaunti ndogo, kisha ya kaunti, ya eneo, na hatimaye fainali za kitaifa ambazo kwa kawaida huwa Aprili. Huo ndio utaratibu wa tamasha za drama za shule na vyuo nchini Kenya, zilizoanza mwaka 1959, enzi ya ukoloni. Kundi linalobwagwa katika hatua ya kwanza huenda likauigiza mchezo wake mara moja tu. Maleba hukunjwa, mswada hutiwa kabatini, na mchezo huzikwa ungali mchanga.

Baadaye mwakani huja zamu ya tamthilia teule. Makundi ya waigizaji huzunguka shuleni yakiigiza vitabu vinavyotahiniwa. Ndivyo Kigogo ya Pauline Kea na Bembea ya Maisha ya Timothy Arege zilivyowafikia watahiniwa wengi. Hapo mwanafunzi huwa hadhira yenye kalamu mkononi, akinakili sifa za Majoka na za Tunu. Mtihani una haki yake. Lakini je, jukwaa halina kazi nyingine ila kombe na alama?

Isiolo inalo jibu lake. Ni mji uliokuzwa na askari wa Kisomali waliopewa makao baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ukawa lango la kaskazini ya Kenya. Humo hukutana Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru. Hukutana kwa biashara na ndoa. Wakati mwingine hukutana kwa bunduki, kama ilivyokuwa katika mapigano ya mwaka 2011 na 2012 yaliyowang'oa wengi makwao.

Katika mji kama huo, kuigiza si mchezo. Kijana wa Kiturkana anapopewa nafasi ya mzee wa Kiborana, hana budi kuuliza: mzee huyu huketije? Huishikaje fimbo yake? Hunyamaza lini? Wa kumjibu ni mwenzake wa bweni. Nacho Kiswahili, kisichokuwa lugha ya mama ya jamii yoyote kati ya hizo tano, huwakutanisha pasipo mwenyeji wala mgeni. Funzo hilo hupatikana mazoezini, kabla mwamuzi hajaandika lolote.

Kwa hiyo ni hasara funzo hilo likiishia bwaloni. Mchezo uliotolewa mashindanoni Februari waweza kuchezwa tena siku ya wazazi, pasipo kukodi basi wala kulipia malazi. Kizingiti si fedha pekee; ni mazoea ya kupima drama kwa makombe yaliyopangwa katika ofisi ya mwalimu mkuu.

Tangu Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 wameingia shule za upili za juu, ambako Sanaa na Michezo ni mojawapo ya mikondo mitatu ya masomo. Ni hatua ya kupongezwa. Ila somo nalo laweza kumfunga mwigizaji kwa alama, kama mashindano yalivyomfunga kwa kombe. Mzee wa Kiborana akae kwenye benchi, amwone mtoto wa jirani yake Mturkana akitembea mwendo wake, acheke au anune. Hilo ndilo tunzo ambalo mcheza kwao bado anadai.