PASAKA BILA SAHANI ZA PLASTIKI

Wahenga walinena tembea uone. Mimi sikutembea mbali. Nilitoka kwetu Mathare, nikavuka mji wa Nairobi hadi nyumba moja ya Wayahudi ambako mama yangu ni mpishi. Ilikuwa likizo ya Aprili mwaka wa 2024. Pasaka yao ilikuwa mlangoni, na mama aliniita nimsaidie. Kazi yenyewe, lo, haikuwa mchezo!

Sote tumesoma katika kitabu cha Kutoka jinsi Waisraeli walivyoondoka Misri mbio mbio, unga wao haujaumuka. Ndiyo maana Wayahudi hawali chachu siku hizo, siku saba kwa walio Israeli na nane kwa wengi walio nje. Tena si kutokula tu; isikae hata nyumbani. Tuliburura makabati, tukakung'uta mifuko ya makoti, tukafagia makombo ya biskuti chini ya vitanda. Usiku wa Jumapili tarehe 21 taa zilizimwa. Mwenye nyumba akapita chumba hadi chumba na mshumaa, unyoya na kijiko cha mti, akitafuta vipande vya mkate vilivyofichwa makusudi ili msako usitoke bure. Asubuhi yake vikachomwa.

Sasa sikiza kisa chenyewe. Sahani za kila siku zimekwisha kugusa mkate, kwa hivyo Pasaka ina vyombo vyake. Nyumba ile ilikuwa na vyombo hivyo vya watu wanane, na walaji walikuwa 22. Miaka ya nyuma walijaza pengo kwa sahani na vikombe vya plastiki: kula, tupa. Mama alikuwa akitoa mifuko mitatu ya taka baada ya karamu.

Mwaka huo bibi mzee wa nyumba, ambaye nilimwita Nyanya, alikataa katakata. Alieleza kwamba Kumbukumbu la Torati, sura ya 20, inakataza kukata miti ya matunda hata wakati wa vita, na walimu wao wa kale waliipanua amri hiyo ikawa katazo la kuharibu ovyo kitu chochote chenye manufaa. "Twatoa chachu kwa mshumaa," alisema, "halafu twaingiza takataka kwa mlango wa mbele?" Akanunua sahani za chuma, zitunzwe kwa Pasaka za miaka ijayo.

Watu walimsifu. Mimi nilinuna. Nani angeziosha, usiku wa manane? Ile plastiki angalau ilikuwa ikimpumzisha mama. Nilimnong'onezea, "Mama, dini yao wataiosha kwa mgongo wako."

"Nyamaza, we!" akanikata jicho. Lakini baadaye, akijipangusa mikono, alimwendea Nyanya akamwambia kwa heshima kwamba sahani ni nzuri, ila mikono yake ni miwili tu.

Nyanya alinyamaza kitambo. Moyo ulinidunda, nilidhani kazi imekwisha, na karo yangu nayo. Kisha akasema, "Umenena kweli. Usiku huu twasoma habari za watumwa walioachwa huru, nami nimesahau sinki."

Basi wajukuu wakapangiwa zamu. Sahani zilitakiwa tena kwa chakula cha kesho yake, kwa hivyo hapakuwa na kuahirisha. Mvulana mmoja wa umri wangu aliosha, povu hadi viwikoni, mimi nikafuta. Mama aliketi kitini. Sijawahi kumwona ameketi jikoni mle. Mfuko wa taka haukujaa hata mmoja.

Nilirudi nyumbani Jumanne. Usiku wa kuamkia Jumatano tarehe 24 Mto Mathare ukavunja kingo. Mimi na ndugu zangu tulichota maji chumbani kwa karai hadi alfajiri, na vitu vilivyoelea vilikuwa sahani na vikombe vya plastiki. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, lakini sahani hizo bado zauzwa madukani. Sisemi zilileta mafuriko. Mvua ilizidi kipimo, hata shule zikachelewa kufunguliwa hadi Mei 13. Lakini mtaro wetu ulikuwa umeziba, nami nilikumbuka sherehe ya kipaimara ya dada yangu. Sahani zake tulizitupa papo hapo mtaroni. Niliyemnunia Nyanya sikuwa na la kusema.

Wenzangu, karamu ya chama chetu yaja. Ombi langu ni dogo. Kila mtu aje na sahani yake kutoka bwenini, na zamu ya kuosha ipangwe kabla ya chakula kununuliwa, wavulana kwa wasichana. Kuacha plastiki ni rahisi kwa asiyeosha. Jina langu liandikwe la kwanza kwenye zamu hiyo.