Kaunta Buku ya Saba

Nilianza kuandika mambo yangu mwaka 2009, nikiwa mwaka wa kwanza chuo, kwenye kaunta buku niliyoinunua kwa ajili ya somo ambalo baadaye nililiacha. Sikuwa na mpango wowote. Mwenzangu wa chumbani alikuwa anakoroma, mimi usingizi sina, kalamu ipo. Nikaandika kwamba mwenzangu anakoroma. Kesho yake nikaandika kuhusu wali maharage wa kafeteria. Basi ikawa hivyo kwa miaka kumi: kaunta buku sita zikajaa, ya saba ikafika katikati, halafu nikaacha.

Mke wangu aliwahi kuniuliza mbona siku hizi sijiandikii tena. Nikamjibu kazi nyingi. Ni jibu zuri sana hilo, kazi nyingi. Ukishalitoa hakuna anayekuuliza swali la pili. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeanza kulipwa kwa maneno. Mwandishi wa kujitegemea analipwa kwa habari iliyotoka. Isipotoka, nauli yake imekwenda na maji. Ukishaishi hivyo miaka kadhaa, ukikaa usiku kuandika kwamba mama muuza genge kahamia upande wa pili wa barabara unajiona mjinga kabisa. Nani atainunua hiyo? Mhariri wangu wa kwanza alikuwa na swali moja, analiuliza hata kabla hujamsalimia: kuna jipya gani? Nikaanza kujiuliza mwenyewe swali hilo nikiwa nimeifungua kaunta buku yangu, na jibu kila siku likawa hakuna.

Ukurasa wa mwisho ni wa Julai 2019. Umeandikwa mistari miwili tu: nimechoka, kesho nitaandika vizuri.

Mama alifariki Machi 2023, Mafinga. Sitasimulia safari ile. Aliyewahi kupanda basi kwenda kuzika anaijua, na asiyewahi namwombea asiharakishe kuijua. Nilifika jioni. Turubai limeshafungwa, viti vya kukodi vinashushwa kwenye Kirikuu, wanawake wapo jikoni, na baridi ya kule nayo haina habari na msiba wa mtu. Kabla sijakaa vizuri mjomba akanivuta pembeni.

“Mjomba, wewe si ndiye mwandishi? Wasifu wa mama yako andika wewe. Ukurasa mmoja, mchungaji hapendi mrefu.”

Nikakaa karibu na jiko la mkaa, mama mkubwa ananitajia miaka, mimi naandika. Wasifu wa marehemu, msomaji wangu, unaujua ulivyo. Marehemu alizaliwa mwaka fulani, akiwa mtoto wa ngapi kati ya wangapi. Alipata elimu yake ya msingi mahali fulani. Aliajiriwa. Alifunga ndoa. Alianza kusumbuliwa na maradhi. Ameacha watoto wanne na wajukuu tisa. Bwana alitoa. Kule kwenye Kiarabu neno wasifu na neno sifa yana shina moja, na msibani undugu wao huonekana wazi: kinachopita ni sifa, kingine chote kinabaki nje ya turubai.

Nilimaliza kwa nusu saa. Sikusitasita hata mara moja, na nakiri nilijisikia vizuri, kama fundi aliyeitwa usiku akakuta kumbe tatizo ni fyuzi tu. Nani, nini, lini, wapi. Kesho yake nikausoma kwa sauti isiyotetemeka, watu wakaitikia kwa vichwa. Tulipotoka makaburini mdogo wangu wa kike akanisogelea.

“Kaka, umesoma vizuri. Ila ilikuwa kama habari ya ziara ya waziri.”

Hakuwa ananisema vibaya. Hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Niliporudi Dar nilikaa wiki mbili ndipo nikalivuta tranka lililo chini ya kitanda, lile nililokuwa nalo tangu shule ya bweni, nikatoa kaunta buku zote saba. Nilikuwa namtafuta mama. Sikumpata haraka. Nilijikuta mimi: malalamiko ya kodi ya chumba, mapenzi ya kunitia aibu, maoni yangu marefu kuhusu katiba mpya wakati hata baiskeli sikuwa nayo. Kuna ukurasa wa 2016 nimepanda mwendokasi kwa mara ya kwanza, Kimara hadi Kivukoni kwa shilingi 650, na nimejaza kurasa mbili kama mtu aliyerudi mwezini. Upuuzi mtupu. Lakini niliusoma wote, nikakumbuka hadi shati nililokuwa nimevaa.

Kisha, kwenye kaunta buku ya tatu, mwaka 2012, mama akatokea. Nilikuwa nimekwenda nyumbani likizo. Nimeandika hivi, nanakili kama ilivyo: “Mama kasimulia siku yake ya kwanza kufundisha. Usiku kucha alikesha na kitabu cha hesabu na koroboi, maana sehemu zilikuwa zinampiga chenga yeye mwenyewe. Asubuhi kaingia darasani na kiazi na kisu. Kakata nusu, kakata robo. Watoto wakaelewa. Kasema na yeye ndipo alipoelewa.”

Hapa inabidi nieleze kidogo. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka watoto wote wa umri wa shule ya msingi wawe darasani ifikapo 1977. Walimu hawakutosha, kwa hiyo vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa, wakafundishwa ualimu huku wakiwa tayari wanafundisha. Ndio walimu wa UPE. Mama alikuwa mmoja wao, 1976, ana miaka kumi na minane. Baadaye jina hilo likageuka kejeli; watani wakasema kirefu cha UPE ni Ualimu Pasipo Elimu, na mtu akikosea jambo anaambiwa amesomeshwa na UPE. Mama alijiendeleza, akapanda daraja, akastaafu 2018 kwa heshima zote, lakini lile neno lilikuwa linamchoma, tulijua. Ndiyo maana mimi kwenye wasifu niliandika “alijiunga na kazi ya ualimu mwaka 1976” nikapita haraka. Nilikuwa namlinda. Na huku kiazi chake, kitu pekee ambacho kingewafanya watu waliokaa pale turubaini wamwone, kilikuwa kilomita mia kadhaa mbali, ndani ya tranka, kwa mwandiko wangu mwenyewe, na nilikuwa nimekisahau.

Nikaendelea kufunua. Juni 2017: “Mama kapiga. Kasema nguo za baridi zipo. Sijui alikuwa na maana gani.” Nimekaa na mstari huo muda mrefu. Mtu wa Mafinga hamwambii mwanawe nimekukumbuka, njoo. Anamwambia sweta lako nimelifua, lipo kabatini. Mwaka ule sikwenda.

Baada ya Julai 2019, karatasi nyeupe.

Mama alikuja kwangu Agosti 2021 kwa ajili ya kliniki, akakaa wiki tatu. Nilimpokea stendi ya Mbezi Luis, akashangaa kwamba Ubungo imehama bila kumuaga. Hilo nalikumbuka. Jioni tulikuwa tunakaa kibarazani, yeye na khanga mbili mabegani kwa mazoea ya baridi, na hilo joto lote la Dar. Aliongea. Nakumbuka sauti inaongea. Nakumbuka mkono unaopunga mbu. Maneno siyakumbuki.

Wiki zile nilikuwa nafuatilia habari za chanjo ya UVIKO-19, iliyokuwa imeanza tu kutolewa. Habari zangu zote zipo, nimezitunza. Ukiniuliza kiongozi gani alisema nini Jumanne ile, nakufungulia sasa hivi, na nukuu imefungwa kwa alama zake. Mama alisema nini Jumanne hiyohiyo, kibarazani kwangu, hatua mbili kutoka nilipokaa? Sina.

Siku hizi kila kona kuna mtu anakuhimiza uandike maisha yako, uache alama, vizazi vije visome. Mimi hayo sijayaamini, na hata sasa siyaamini. Mwandiko wangu wa 2009 hautamsaidia mjukuu yeyote. Lakini nimekuwa nazifungua tena barua za Shaaban Robert, zile alizomwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958, ambazo baadaye zilichapwa kitabu. Tunaye Shaaban Robert wa mashairi, yule wa juu, mwenye methali mdomoni, nami nilifundishwa kumheshimu kiasi kwamba nilimwogopa. Wa kwenye barua ni mtu mwingine. Ana kazi, ana familia, ana vitabu anavyohangaika navyo, ana mdogo wake wa kumweleza. Hakuwa anaandika fasihi pale. Alikuwa anamwambia ndugu yake yanayomsibu, na ndugu yake akazitunza. Mimi nadhani sehemu kubwa ya heshima ya kitabu kile ni ya huyo aliyezitunza. Kama Yusuf Ulenge angejiuliza kila barua ina jipya gani, zingewashia moto jikoni.

Kazi ya habari siilaumu, inanilisha. Ninachokilaumu ni kwamba nilirudi nayo nyumbani nikaiachia ikae kibarazani, ichague yupi wa kusikilizwa. Mama hakuwa na jipya. Alikuwa na yaleyale, viazi, wanafunzi wake wa zamani, goti, jirani anayechelewa kurudisha jembe, na mimi nikawa na simu mkononi nasubiri mtu mwingine aseme jambo.

Jumamosi iliyopita nilimpigia mdogo wangu. Alikuwepo kwa siku chache ule mwezi wa Agosti, alimleta mama. Nikamuuliza kama anakumbuka chochote, zile jioni.

“Alikuwa anasimulia yule mwanafunzi wake,” akasema. “Aliyerudi kumtafuta baada ya miaka mingi. Mbona alikuwa anakusimulia wewe? Mimi nilikuwa ndani nakanda unga, nasikia vipandevipande tu.”

“Mwanafunzi yupi?”

“Si ndiyo nakuuliza wewe, kaka.”

Tukanyamaza kidogo. Nikamwambia nitampigia tena, akasema hamna shida, msalimie wifi.

Nikaifungua kaunta buku ya saba, pale chini ya “kesho nitaandika vizuri”. Nikaweka tarehe. Nikaandika: Agosti 2021, kibarazani, mama alisimulia habari za mwanafunzi wake aliyerudi kumtafuta. Jina silijui. Alimtafutia nini, sijui. Nimeacha mistari sita wazi, na kesho nampigia mama mkubwa.