Utando mweupe kwenye marumaru: kuongeza sabuni siyo dawa

Leo tuache kidogo chanjo na malisho, tuongelee ukuta.

Kimoja kati ya vituo vya kukusanyia maziwa ninavyovihudumia hapa kanda ya kati kinatumia maji ya kisima kirefu. Ni maji magumu, povu la sabuni halikai. Marumaru za ukutani, karibu na tangi la kupozea, zilikuwa zimefunikwa na utando mweupe mgumu. Dada anayefanya usafi alisugua kila jioni kwa sabuni ya mche, na utando ukazidi kunenepa. "Daktari, nimesugua mpaka vidole vimechubuka," aliniambia. (Huniita daktari ingawa nina stashahada tu.) Viongozi walishaanza kusema ni mvivu, atafutwe mwingine.

Hakuwa mvivu. Maji magumu yana madini ya kalisiamu na magnesiamu. Sabuni ya mche ikikutana nayo hugeuka utando unaonata. Maji yakikauka huacha chokaa juu yake, na mafuta ya maziwa hujishika hapo hapo. Kwa hiyo kila alipoongeza sabuni, aliongeza tabaka. Mabwawa ya kuogelea ya ndani nayo hupata utando wa namna hii kwenye marumaru, ila kule mafuta hutoka kwenye miili ya waogeleaji.

Kwanza pima. Dondoshea siki kidogo kwenye utando. Ukitoa vipovu, kuna chokaa. Kisha fuata mpangilio huu:

1. Suuza kwa maji ya baridi. Maji ya moto sana hugandisha protini ya maziwa ukutani.
2. Osha kwa sabuni ya unga na maji ya uvuguvugu ili kutoa mafuta. Suuza.
3. Lowesha kwanza mistari ya saruji kati ya marumaru, maana asidi huila. Changanya siki na maji nusu kwa nusu, lowesha kitambaa, kibandike ukutani kwa dakika kumi.
4. Sugua kwa brashi ya plastiki. Ya waya hukwaruza, na uchafu hujificha kwenye mikwaruzo.
5. Suuza kwa maji mengi, kisha kausha.

Angalizo: sisi huita vigae vyote marumaru, lakini marumaru halisi ni jiwe lenye asili ya chokaa. Siki italiharibu, na teraso pia. Hapo tumia sabuni ya unga tu.

Sasa jambo zito zaidi. Usichanganye kamwe siki, au dawa ya choo yenye asidi, na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Dada yetu alikuwa tayari ameandaa ndoo na chupa zote mbili, akiamini kwamba mbili zitashinda pale moja iliposhindwa. Chumba kile kina dirisha moja dogo. Ikitokea mtu amevuta hewa hiyo, atoke nje haraka, na akikohoa au kubanwa kifua apelekwe kituo cha afya.

Ilituchukua jioni tatu. Chini ya utando tulikuta marumaru za bluu ambazo hata mwenyekiti alikuwa amezisahau. Siku hizi ukuta unakaushwa kila baada ya kuoshwa, na suuzo la mwisho la ukuta na sakafu ni maji ya mvua kutoka kwenye simtanki, kwa sababu hayana chokaa.

Viongozi wa vituo, kabla ya kumfukuza mtu wa usafi, pimeni maji yenu na mwangalie mmempa vifaa gani. Mnunulieni glavu pia.

Mwenye swali aulize. Kazi njema.