Sura mpya ya dashibodi, Leicester na Tandika

Toyota ya mtumba ikitoka mnadani Japani inaweza kuishia bandari ya Dar es Salaam au ya Uingereza. Kote inashuka na spidomita ya kilomita inayoishia 180, kikomo ambacho watengenezaji wa Kijapani walikubaliana wenyewe. Dar mteja analipa ushuru, anafunga namba na kuondoka. Uingereza barabara ni za maili, na spidomita inatakiwa isome maili. Basi mwenye gari ananunua uso mpya wa plastiki nyembamba, na palipokuwa na 180 panakaa 112.

Kwa hiyo huku ninakoishi, Leicester, wengi wenye magari ya Kijapani waliingia kwenye kazi hii ya kubadilisha sura ya dashibodi kwa kusukumwa na sheria, kisha wakanogewa na urembo. Kwetu Temeke na Kinondoni mtu anaanza na urembo moja kwa moja: taa za njano zimemchosha, anataka bluu, anataka nyeupe, anataka uso mweusi wenye namba nyekundu. Sioni ubaya wowote. Mji unaopamba bajaji na daladala mpaka zinapendeza hauwezi kuacha dashibodi peke yake, na mtu anayekaa foleni ya Mbagala kila jioni ana haki ya kutazama kitu anachokipenda.

Leicester kazi anaifanya mwenye gari mwenyewe, kwa kuwa saa moja ya fundi ni ghali mno. Vifaa vinakuja kwa posta, anaangalia video, anafungua skrubu kwenye meza ya jikoni, na akikwama hana wa kumuuliza. Tandika hakuna anayehangaika peke yake. Fundi umeme yuko chini ya mti, dogo kashika bisibisi, na swali ni moja tu: "Bosi, tunaweka bluu au nyeupe?" Kama taa ya LED haiwaki, fundi haangalii maelezo popote, anaichomoa, anaigeuza na kuirudisha, maana anajua ina chanya na hasi. Nimewaona mafundi wa nchi zote mbili, na kwa wepesi wa mkono namchagua wa Tandika.

Ila kuna mahali wepesi huo unanitia hofu, nako ni kwenye mshale. Uso haubadiliki bila kung'oa mshale. Fundi anatandika kitambaa, anaingiza vijiko viwili chini ya mshale, huku na huku, anabinya taratibu mpaka unaruka. Kuung'oa ni rahisi. Shughuli ni kuurudisha. Anayejua huweka alama ya penseli pale ulipokuwa umetulia kabla hajaugusa, kisha anaupachika palepale. Asiyejua anaukadiria kwa macho, na kupotoka kidogo sana kwenye kijiti unapokaa mshale ni kilomita kadhaa kwa saa barabarani.

Kanuni ya kimataifa ya spidomita inasema isionyeshe kamwe mwendo mdogo kuliko mwendo halisi wa gari. Kuzidisha kunaruhusiwa: asilimia 10 ya mwendo halisi na kilomita 4 juu yake. Yaani ukienda 50 kweli, mshale unaweza kusoma hadi 59, lakini hauruhusiwi kusoma 45. Mshale uliopachikwa vibaya unaweza kugeuza kinga hiyo juu chini. Unaona 50, gari linakwenda 58, trafiki amesimama mbele na tochi, na faini inakusubiri. Faini ni jambo dogo. Mimi nawafikiria wanafunzi wanaovuka Kilwa Road asubuhi, wakipima mwendo wa gari kwa macho.

Wenye Toyota IST walioweka matairi makubwa ili kukwepa mashimo wana tatizo hilohilo hata kama hawajagusa mshale, maana tairi kubwa linakwenda mbali zaidi kwa kila mzunguko. Dawa ipo mfukoni: washa programu ya GPS kwenye simu, abiria aisome wakati wewe unatazama barabara, linganisheni kwenye 30, 50 na 80. Fanyeni hivyo kabla fundi hajalipwa.

Jambo jingine ambalo mafundi wazuri wanalijua na vijana wengi hawalijui: kwenye magari ya zamani, balbu ya taa ya betri inapitisha umeme unaoiamsha altaneta. Ukiitoa ukaweka LED, altaneta inaweza isichaji. Hiyo iacheni kama ilivyo.

Na kwenye ukaguzi ndipo Uingereza inapotuzidi. Gari likitimiza miaka mitatu linaanza kukaguliwa kila mwaka. Mkaguzi anaangalia taa ya eabegi, anaandika kilomita au maili zilizosomeka, na yeyote mwenye namba ya gari anaweza kuiona historia hiyo bure kwenye intaneti. Ukirudisha kilomita nyuma, rekodi inakuumbua. Kwetu gari likishauzwa mtaani mara mbili tatu, karatasi ya mnada wa Japani imeshapotea na mnunuzi amebaki na maneno ya dalali. Mkono uleule unaoweka taa za bluu unaweza kuchomoa balbu ya taa ya injini isiwake mbele ya mnunuzi, au kugusa kilomita. Kubadilisha sura ni pambo. Hayo mawili ni wizi, na tuyaite hivyo.

Ukienda kununua gari, geuza ufunguo hadi ON bila kuliwasha. Taa za injini, oili, betri na eabegi lazima zijitokeze zote, kisha zizimike: ya eabegi baada ya sekunde chache, nyingine injini ikishanguruma. Isiyojitokeza kabisa, uliza. Omba na kadi za kubadilishia oili, zile mafundi wanazoandika tarehe na kilomita. Ukizipanga kwa tarehe utaona kama namba zinapanda au kuna mahali zimeshuka.

Nanyi mafundi wa Tandika, Mwananyamala na Tegeta, mkono mnao. Mkimaliza dashibodi ya mtu, andikeni kilomita kwenye risiti na mpeni nakala, na anayekuja kutaka zirudishwe nyuma mkataeni.