Nilimnyima dada yangu uwanja, je, nimnyime na binti yangu?

Mpenzi msomaji, je, umewahi kuamia ndege shambani? Kama ulizaliwa Nairobi au Mombasa, huenda hata neno lenyewe ni geni kwako. Kwetu Idsowe, karibu na Garsen katika nchi ya Mto Tana, tulipokuwa watoto tuliamka alfajiri ili tufike shambani kabla ya ndege kuingia kwenye mpunga. Unapanda juu ya dungu, unapiga kelele na kurusha madongo kwa teo mpaka jioni. Unarudi nyumbani sauti imekauka, na hakuna anayekuambia ahsante. Lakini ndege wakila mpunga, utaulizwa ulikuwa wapi.

Nimeikumbuka kazi hiyo kwa sababu ya binti yangu. Yeye ni beki.

Ana umri wa miaka kumi na minane na amemaliza Kidato cha Nne. Timu moja ya wanawake ya mbali na nyumbani imemwita akajiunge nayo. Mama yake anataka aende chuo cha ualimu. Kwa wiki tatu nyumba yetu haikuwa na raha. Chakula kililiwa kimya, na kila mmoja alinitazama mimi kana kwamba nilikuwa refa.

Kabla sijakuambia nilivyoamua, sina budi kukuungamia jambo ambalo nimelificha miaka mingi.

Mwaka 1985 nilikuwa darasa la tano. Sisi wavulana tulicheza kabumbu kila jioni kwa mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba za mgomba. Mimi nilikuwa kipa. Siku moja tulipungukiwa na mchezaji, na dada yangu, aliyenizidi kwa miaka mitatu, alikuwa akipita kutoka shambani. Alijifunga leso kiunoni, akasimama mbele yangu. Siku hiyo sikudaka mpira hata mmoja, kwa maana hakuna uliofika kwangu. Tangu hapo wavulana walikuwa wakimfuata mpaka shambani kumwomba aje.

Basi jioni moja ilikuwa zamu yangu ya kuamia. Nikaliacha dungu, nikaenda kucheza. Ndege wakaumaliza mpunga wa pembe nzima. Baba alipouliza kwa fimbo mkononi, nilisema, "Dada alikuwa mpirani." Ilikuwa kweli, alikuwa mpirani. Nilichoacha kusema ni kwamba zamu haikuwa yake.

Alichapwa yeye. Mpira ulitiwa motoni, na akakatazwa kukanyaga uwanja. Mwaka uliofuata aliposwa. Sisemi kwamba aliolewa kwa ajili ya mpira, la hasha. Lakini mimi niliendelea kucheza mpaka nikamaliza shule ya upili, na yeye hakucheza tena. Wala hakunisema kwa baba hata siku moja.

Mwishoni mwa mwaka 2023, mafuriko yaliyowahamisha maelfu ya watu katika Tana River yalimtoa dada yangu nyumbani kwake. Maji yalipopungua nilikwenda kumwona, nikamchukua binti yangu. Jioni vijana walikuwa wakicheza kwenye kiwanja kikavu, na binti yangu akaingia. Dada alikuwa ameketi juu ya ndoo akichambua mchele. Akatazama kwa muda mrefu, kisha akasema bila kugeuka, "Ndugu yangu, huyu anasimama kama mimi." Sikuwa na jibu. Akaongeza, "Safari hii, zamu ikiwa yako, sema ni yako."

Msomaji, maneno hayo yalinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Sasa tuje kwenye mambo yenyewe, maana mapenzi ya shangazi pekee hayamlipii mtoto kodi ya nyumba. Je, msichana wa Kenya anaweza kuishi kwa kusakata gozi?

Mfano wa karibu ni Esse Akida, binti wa kaunti yetu ya Tana River. Yeye ni mshambuliaji. Kenya iliposhiriki kwa mara ya kwanza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika kwa wanawake, Cameroon mwaka 2016, ndiye aliyefunga bao letu dhidi ya Ghana. Amecheza mpira wa kulipwa Israeli, katika timu ya Beşiktaş ya Uturuki na katika PAOK ya Ugiriki. Ametoka pande hizi hizi ambako dada yangu alichapwa.

Lakini binti yangu si mfungaji, na hapo ndipo mama yake aliponibana. "Wafungaji huonekana," alisema. "Beki ataonwa na nani?" Nilimjibu kwa majina. Ruth Ingosi ni beki, na alitoka Eldoret Falcons akaenda Lakatamia ya Cyprus. Dorcas Shikobe, beki aliyekuwa nahodha wa Harambee Starlets, naye alipita Lakatamia. Tena, Novemba 2019 Starlets walitwaa kombe la CECAFA mjini Dar es Salaam kwa kuwalaza wenyeji Tanzania 2-0. Walicheza mechi tano, wakafunga mabao 24, wakafungwa sufuri. Watu wanaikumbuka ile 24. Mimi naomba tuikumbuke ile sufuri, kwa sababu kuna wasichana waliokuwa juu ya dungu siku zote tano.

Hata hivyo sitakudanganya. Njia hii ina miiba. Kwanza, mshahara katika timu nyingi za hapa nyumbani ni mdogo, na wachezaji wengi hutegemea kazi nyingine. Afadhali timu kama Ulinzi Starlets na Kenya Police Bullets, zenye vyombo vya dola nyuma yake. Pili, kazi inaweza kusimama kwa makosa yasiyo yako. Februari 2022 FIFA iliifungia Kenya kwa sababu ya mvutano wa uongozi wa soka, na marufuku ikaondolewa Novemba. Starlets walikuwa wacheze na Uganda kutafuta nafasi ya kwenda kombe la Afrika, na nafasi hiyo ikayeyuka bila mpira kupigwa. Tatu, kuna goti. Wanawake huumia kano ya ndani ya goti mara nyingi kuliko wanaume, na jeraha hilo huweza kumweka mchezaji nje karibu mwaka mzima.

Upande wa pili, milango imefunguka kuliko zamani. Tangu Januari 2021 kanuni za FIFA zinampa mchezaji wa kulipwa likizo ya uzazi ya wiki zisizopungua 14, kwa malipo yasiyopungua theluthi mbili ya mshahara. Mwaka 2024 wasichana wetu wa chini ya miaka 17 walikuwa timu ya kwanza ya soka ya Kenya kucheza Kombe la Dunia, wakaichapa Mexico 2-1. Na Oktoba 2025 Starlets walifuzu tena kwa kombe la Afrika kwa kuitoa Gambia.

Basi nimeamua hivi. Binti yangu ataenda. Lakini hataweka kidole kwenye mkataba mpaka usomwe na mtu anayejua sheria, na mkataba huo useme nani atamtibu akiumia. Ataendelea na masomo polepole, hata kama yatamchukua miaka miwili zaidi. Na mama yake ana haki ya kumpigia simu kila Jumapili jioni na kumuuliza si mabao mangapi, bali amekula nini.

Nilimpigia dada simu kumwambia. Nikamwambia na lile la 1985, kwamba zamu ilikuwa yangu na nilijua. Akanyamaza kidogo, kisha akacheka. "Nilijua siku ile ile," alisema. "Ulikuwa kipa. Kazi yangu ilikuwa kukukinga."

Mpenzi msomaji, pengine nyumbani kwako yuko msichana anayerudi na vumbi miguuni, nawe unamwambia aache michezo ya wavulana. Sisemi kila mmoja atafika Cyprus au Uturuki. Wengi hawatafika. Lakini kabla hujautia mpira wake motoni, jiulize kwanza: zamu ilikuwa ya nani?