Garratt za Mombasa juu ya meza za London

Nilipoanza kwenda kwenye maonesho ya modeli za mitambo pale Alexandra Palace, jengo la kilimani kaskazini mwa London ambako BBC ilianzia matangazo ya televisheni mwaka 1936, nusu ya ukumbi ilikuwa soko. Watu walifika Januari na mabegi matupu wakaondoka wamepinda migongo: silinda mbichi ambazo hazijachongwa, fito za shaba, tupa, vipuri vya mashine kuukuu za Myford za kukerezea vyuma. Kwanza unanunua, soga baadaye.

Baba yangu alikuwa fundi kwenye karakana ya reli Nairobi. Nilirithi mikono yake, kazi yake sikuirithi. Mchana niko ofisini, jioni nachonga. Kipimo chetu wachongaji kilikuwa Cherry Hill, mama aliyeunda mashine za mvuke za karne ya 19 kwa uwiano wa 1 kwa 16 na kutwaa tuzo ya Duke of Edinburgh mara 9. Wengine tulijaribu tu.

Kilichonichosha ni kwamba meza zilijaa magari moshi ya Waingereza. Sababu ilikuwa biashara: hakuna aliyesubu silinda za injini isiyo na wanunuzi, na zetu za Afrika Mashariki hazikuwa nao.

Ndipo zikaja printa za 3D. Wauzaji wamepungua, maana vyuma vinaagizwa kwenye intaneti, na wazee wananung'unika kwamba kuchapisha si kuchonga. Mimi siko upande wao. Kielelezo cha plastiki au nta kinachapishwa nyumbani, kinapelekwa kwa msubu shaba, na kinarudi kipuri ambacho hakijawahi kuuzwa dukani popote.

Hivyo ndivyo nilivyoiona modeli ya 59 yetu, gari moshi la Garratt la reli ya Afrika Mashariki. Mstaafu mmoja alikuwa ameifikisha nusu: boila imening'inia kati ya injini mbili, kila moja na magurudumu yake, ili mnyama mrefu vile apinde kwenye kona za reli ya mita moja. Rangi ya damu ya mzee ilikuwa imeshapakwa kwenye tangi la mbele, na bamba la Mount Gelai lilikuwa na herufi ndogo kuliko punje ya mchele. Beyer Peacock wa Manchester walitengeneza 34 za aina hiyo mwaka 1955 na 1956, kila moja ikiwa na uzito wa tani 250 na ushei, na kuzipa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Gelai wa kweli yuko kwenye makumbusho ya reli Nairobi.

Michoro ya kiwanda imehifadhiwa Manchester. Lakini mchoro hauoneshi madereva waliongeza nini ndani ya kibanda, walitundika wapi taa, walibandika wapi birika. Kama mzee wako aliendesha au kukarabati 59 Mombasa, Voi au Nairobi, na ana picha ya ndani ya kibanda, tafadhali ipige nakala kabla mchwa hawajaifikia. Tunaihitaji.