Gugu Karoti Katika Njia ya Thika

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Thika, akishafika Ruiru huona kahawa ikipungua na nyumba za mawe zikiongezeka. Malori ya mchanga na udongo hayaishi kupita. Basi, ndugu msomaji, tazama ukingoni mwa njia: huota hapo mmea wenye majani kama ya karoti na vijiua vyeupe. Ndio gugu karoti.

Asili yake ni kandokando ya Ghuba ya Meksiko. Hapa Kenya ulionekana katika mashamba ya kahawa miaka ya 1970, lakini haukutangazwa kuwa gugu baya kwa sheria mpaka mwaka 2010. Miaka thelathini na zaidi ni mingi mno! Mche mmoja huweza kutoa mbegu 25,000, nao huchanua wiki nne hivi baada ya kuota. Ng'ombe akiula, maziwa huwa machungu. Na mtu aushikaye mara kwa mara huwashwa ngozi, hata pumzi humbana.

Mbegu husafiri kwa matope ya magurudumu, kwa samadi ya kununua, na kwa udongo wa kujazia viwanja. Kwa hiyo mwenye shamba akiuona mche mmoja langoni, na aung'oe pamoja na mzizi wake kabla haujachanua, udongo ukiwa na maji, naye amevaa glavu. Kuukata kwa panga hakufai, kwani huchipuka tena. Uliokwisha kuchanua utiwe guniani, ukachomwe. Kisha apatazame mahali pale kila baada ya mvua, kwa miaka kadhaa, maana mbegu hulala udongoni.